Dodoso la simu: namna ya kutengeneza fomu ambayo muuza dagaa wa Kibirizi ataijaza mpaka mwisho

Watu wengi wakiambiwa watengeneze dodoso la mtandaoni wanafanya hivi: wanachukua lile dodoso la Word la kurasa sita, wanakopi swali mojamoja wanabandika kwenye Google Forms, wanatupia linki kwenye grupu la WhatsApp, basi, wanakaa kusubiri. Majibu yanayokuja ni machache, na hata hayo machache ukiyafungua unakuta mtu kabonyeza "Nakubali" kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho. Afu lawama wanapewa wananchi, eti hawana mwamko. Hapana jamani. Umempa mtu wa mwaloni (pale mitumbwi inaposhushia samaki) karatasi ya A4 aisome kwenye kioo cha simu, juani, kwa bando lake mwenyewe, na mteja kasimama mbele yake anauliza bei. Fomu ndo yenye shida, na fomu inarekebishika.

Mimi niko Kigoma kwa hiyo mfano nitakaotumia ni wa huku. Tuseme tunataka kuuliza akina mama wanaonunua dagaa wabichi kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, wanaanika, wanauza wakavu. Tunataka kujua kipindi cha mvua wanapoteza kiasi gani, dagaa wakilowa wakaoza. Ukiwa Tabora unauliza warina asali wa Sikonge au wakulima wa tumbaku wa Urambo we badilisha mifano tu, kazi ni ileile.

Kabla hujafungua programu yoyote chukua karatasi uandike sentensi moja: nikishapata majibu nitaamua nini? Kwa mfano wetu, kikundi kinataka kuomba ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake na hawajajua waombe hela ya vichanja vya kuanikia au ya maturubai. Sasa kila swali unalotaka kuweka liulize: wewe unanisaidia kuamua vichanja au turubai? Dini haisaidii, toka. Hali ya ndoa, toka. Kiwango cha elimu watu wanakiweka kwa mazoea tu kwa sababu kila dodoso walilowahi kuliona lilikuwa nacho. Ukichuja hivyo kwa roho ngumu utabaki na maswali 12 hadi 15, ambayo ni dakika tano mpaka saba za mtu kwenye simu, na ukizidi hapo uwe na sababu nzito sana, maana huyo mtu hujamlipa na ukweli ni kwamba MB anazotumia ni za kwake.

Halafu kuna kitu watu wanakiruka na ndicho kinachoharibu utafiti mzima: nani hana simu janja? Mwaka 1936 kule Marekani jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Kadi milioni mbili hazikuwasaidia kitu, kwa sababu majina yao mengi waliyatoa kwenye vitabu vya namba za simu na orodha za wenye magari, na miaka ile ya hali ngumu mwenye simu na gari hakuwa mtu wa kawaida, na pia waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa na msimamo wao. Mwaloni ni vilevile. Mama mwenye simu ya kupangusa mara nyingi ndo mwenye mtaji mkubwa kidogo, huyu wa kitochi anayeanika beseni mbili mchangani ndo anayepoteza zaidi na linki yako hataiona milele. Kwa hiyo fomu moja, njia mbili: mwenye simu janja ajaze mwenyewe, asiye nayo mfuate na simu yako umsomee maswali. Swali la kwanza kabisa kwenye fomu liwe "Nani anajaza? Mimi mwenyewe / Nasomewa na mtu", ili baadaye uweze kuyatenganisha, maana mtu akisomewa anajibu kwa adabu zaidi kuliko akiwa peke yake, hasa kwenye mambo ya hela.

Kuhusu programu sitakaa sana. Google Forms ni ya bure, rahisi, watu wanaijua, ila inataka mtandao muda wote. KoboToolbox nayo kuna akaunti ya bure, na hata mtandao ukikata mtu anaendelea kujaza, jibu linakaa kwenye simu mpaka mtandao urudi ndo liende. Kama unawasomea watu maswali kwenye vijiji vya mwambao wa ziwa kule Uvinza ambako mtandao unakuja na kuondoka, tumia Kobo. Kama ni linki ya kutuma WhatsApp kwa watu wa mjini, Google Forms inatosha. Ila ukitumia Google Forms angalia mitego miwili: ule mpangilio wa kuruhusu jibu moja tu kwa mtu, na swali la kupakia faili. Yote mawili yanamlazimisha mtu aingie kwenye akaunti ya Google, na watu wengi simu walifunguliwa akaunti na fundi pale dukani, nywila hawaijui, akikutana na ukurasa wa kuingia ndo mwisho wa safari. Zima hivyo vitu.

Sasa kioo cha kwanza. Hapa ndo mtu anaamua kuendelea au kufunga, na watu wameshachoka na utapeli, kila siku linki za "jaza upate GB za bure". Andika kwa ufupi wewe ni nani, unataka nini, itachukua dakika ngapi, majibu ataona nani, na kwamba anaweza kuacha muda wowote. Sio aya tatu za "utafiti huu unalenga kubaini". Andika hivi:

Habari mama/dada. Sisi ni kikundi cha waanika dagaa Kibirizi. Tunauliza kuhusu hasara ya mvua ili tujue tuombe mkopo wa nini. Maswali 14, kama dakika 6. Jina lako hatuliulizi. Ukiona swali hulipendi, liruke. Unakubali kuendelea?

Hapo weka Ndiyo na Hapana, na mwenye Hapana umpeleke moja kwa moja kwenye shukrani. Hii sio heshima tu, ni sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na kukusanya taarifa za mtu kunataka umwambie unazichukua za nini. Namba ya NIDA usiiulize. Namba ya simu usiiulize kama huna shida nayo. Na kwa huku kwetu niseme wazi, maswali ya uraia, kabila, na mahali mtu alipozaliwa yaache kabisa kama dodoso lako halihusu mambo hayo. Huu ni mkoa uliopakana na Burundi, umepokea wakimbizi miaka mingi kwenye kambi kama Nyarugusu na Nduta, mtu akiona swali la alizaliwa wapi haoni utafiti, anaona anahojiwa. Anafunga simu, na anamwambia na jirani yake asijaze.

Haya, maswali yenyewe. Adui namba moja kwenye simu ni jedwali. Lile swali lenye safu pembeni "bei, ubora, usafiri, mvua" na juu yake "sikubali kabisa, sikubali, sina uhakika, nakubali, nakubali kabisa". Kwenye kompyuta linapendeza. Kwenye simu ya inchi tano au sita safu mbili za kulia hazionekani mpaka uvute kioo pembeni, na watu hawavuti, hawajui hata kama kuna kitu kimejificha, kwa hiyo wanachagua kati ya zile wanazoziona, unakuja kushangaa mbona hakuna aliyekubali kabisa. Na anayeziona zote anachoka, anashusha kidole mstari mmoja mpaka chini. Livunje. Kila mstari wa jedwali uwe swali lake, majibu yapangwe kutoka juu kwenda chini, kila jibu kwenye mstari wake. Afu jiulize kama kweli unahitaji hayo mambo ya kukubali na kutokubali, maana mara nyingi kuuliza kilichotokea ni bora kuliko kuuliza maoni. Badala ya "Mvua huathiri biashara yangu: nakubali/sikubali", uliza:

Mvua za mwisho, dagaa wako waliharibika?
Hapana, hawakuharibika
Wachache
Kama nusu
Wengi
Karibu wote
Sikumbuki

Angalia majibu yalivyo mafupi. Jibu linalochukua mistari mitatu kwenye kioo mtu halisomi, anasoma neno la kwanza anabonyeza. Maneno yanayotofautisha majibu yaweke mwanzoni.

Vitufe navyo. Google kwenye mwongozo wao wa Android wanashauri sehemu ya kugusa isipungue dp 48 (dp ni kipimo cha vitu kwenye kioo cha simu), ambayo ni kama milimita 9, yaani upana unaotosha ncha ya kidole. Fomu za Google na Kobo zenyewe ziko vizuri hapo, shida inakuja ukianza kupanga majibu kwa mlalo au kutumia ile mizani ya 1 mpaka 10, viduara vinabanana, na mtu wa dagaa vidole vina unyevu na magamba, anagusa 6 inaingia 7. Mizani ya 1 mpaka 10 achana nayo. Majibu matano yenye maneno yanatosha.

Orodha ya kufunguka, ile unabonyeza kimshale majibu yanamwagika, itumie pale tu majibu ni mengi sana. Halmashauri za mkoa wa Kigoma ni nane, hizo zipange wazi zote mtu aone. Majina ya vijiji vyote, hapo sawa, tumia ya kufunguka. Na jua kwamba kwenye orodha ndefu watu wanapenda kuchagua vya juu, kwa hiyo kama majibu hayana mpangilio wa asili (sababu za hasara kwa mfano) washa ule mpangilio wa kuchanganya ili kila mtu aone mpangilio wake. Ila majibu ya wachache, nusu, wengi usiyachanganye, utamvuruga mtu.

"Chagua yote yanayokuhusu" nayo ina ugonjwa wake, mtu anachagua mawili ya juu anapita. Kama vitu ni vinne na ni muhimu, fanya ndiyo/hapana nne. Unaanika mchangani? Unaanika kwenye kichanja? Unaanika kwenye turubai? Unaanika kwenye neti? Ni kubonyeza mara nne, ila kila kimoja kimefikiriwa.

Maswali ya kuandika kwa maneno weka moja, mawili yakizidi sana, na yakae mwishoni. Kuandika kwa kidole gumba ni kazi, na kibodi nyingi zimewekwa Kiingereza kwa hiyo zinambadilishia mtu maneno, kaandika "dagaa" inatokea kitu kingine. Sio lazima ajibu. Kama unatumia programu ya Kobo kwenye simu yako wewe unayewafuata watu, kuna swali la kurekodi sauti, hilo ni zuri mno, mama atakuelezea kwa dakika moja kitu ambacho asingekiandika milele. Mwombe ruhusa kwanza.

Sasa namba, hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo takwimu nyingi zinapofia. Ukiuliza "Ulinunua kilo ngapi?" mtu atakujibu, atakupa namba, na namba hiyo haina maana kwa sababu hajanunua kwa kilo. Kanunua kwa beseni au ndoo, na kauza kwa sado au gunia. Uliza kwanza "Ulinunua kwa kipimo gani?" halafu "Vingapi?", na kilo utapiga mahesabu wewe mwenyewe baada ya kwenda na mzani mwaloni ukapima beseni kadhaa. Kwenye Kobo ukichagua aina ya swali la namba, kibodi inayofunguka ni ya namba tupu, mtu hapati hata nafasi ya kuandika "mbili na nusu hivi". Weka na kikomo cha mbali kidogo, ndoo 400 kwa siku moja kwa mtu mmoja fomu igome na imwambie "hakikisha namba", ila usiweke kikomo cha karibu kikamzuia tajiri wa kweli.

Kipindi nacho. "Mwezi uliopita" kwa mtu wa ziwa hakueleweki kama kalenda ya ofisini. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwenye giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika. Mwezi wake unahesabiwa kwa giza na mbalamwezi, kwa hiyo uliza "giza lililopita ulinunua mara ngapi?" atakujibu bila kukunja uso. Na Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua miezi mitatu katikati ya mwaka 2024, ukiuliza mauzo ya mwaka mzima bila kukumbuka hilo utaona biashara imeanguka ukadhani ni mvua.

Saa ndo balaa kabisa. Ukiweka swali la saa la kwenye fomu, simu inaleta saa za kizungu. Mama anapokea dagaa saa kumi na mbili asubuhi, anaweka 12:00, kwako inasomeka adhuhuri. Usitumie swali la saa. Andika majibu: alfajiri kabla ya jua, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kama lazima upate saa kamili, weka orodha "saa 11 alfajiri, saa 12 asubuhi, saa 1 asubuhi" mtu achague.

Kulazimisha: ile nyota nyekundu ya lazima iweke kwenye maswali yale tu ambayo bila jibu lake fomu nzima haina kazi. Ukilazimisha swali la mapato, mtu ataandika 0 au 1000 apite, na utashindwa kuitofautisha na sifuri ya kweli. Mpe "Sijui" na "Sipendi kusema". Mapato yenyewe uliza kwa makundi, na yaweke karibu na mwisho, mtu akishakuzoea.

Kuruka maswali kutokana na jibu la nyuma ni faida kubwa uliyonayo ambayo karatasi haina, itumie. Aliyesema hakupata hasara asiulizwe alipoteza ndoo ngapi. Kwenye Google Forms unagawa fomu kwenye sehemu, halafu kwenye vile vidoti vitatu vya swali unachagua kila jibu liende sehemu gani. Sehemu moja iwe na maswali manne au matano yanayofanana. Swali mojamoja kila ukurasa linachosha kwa kubonyeza "Endelea", maswali yote kwenye ukurasa mmoja yanatisha kwa urefu. Washa na ule mstari wa maendeleo, fomu ikiwa fupi unatia moyo.

Picha za mapambo juu ya fomu toa, zinakula bando. Picha moja ya ndoo au beseni unayoizungumzia inaweza kusaidia, ila ipunguze uzito kwanza.

Ukimaliza usitume. Chukua simu ya bei rahisi kuliko zote unazoweza kuazima, Itel ya zamani yenye kioo kilichopasuka ndo nzuri, punguza mwanga, nenda nayo juani, fungua linki kutoka ndani ya WhatsApp kama watakavyofungua wao. Halafu mpe simu hiyo mtu wa mwaloni ambaye hajahusika kabisa, mmoja awe mama wa makamo ambaye simu yake kakuza herufi, ukae pembeni UNYAMAZE. Hii ndo ngumu. Akikwama usimwelekeze, angalia kidole kimesimama wapi, angalia amerudi nyuma swali gani, amesoma kwa sauti neno gani mara mbili. Akimaliza muulize "hapa ulielewa naulizwa nini?" Atakuambia kitu ambacho hukukifikiria, na hapo ndo unabadilisha swali. Fanya kwa watu watano au sita, utaona wanakwama palepale. Kisha fungua lile jedwali la majibu uone data imeingia inavyotakiwa, futa ya majaribio.

Kutuma kuna wakati wake. Usiku wa giza kubwa na asubuhi yake mwalo unachemka, hakuna mtu wa kugusa linki yako. Tuma kipindi cha mbalamwezi, jioni baada ya kufunga biashara. Na isitumwe na namba ngeni. Mwombe mwenyekiti wa kikundi au kiongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi pale mwaloni) ndo aitume, na aseme kwa sauti yake kwenye grupu kwamba anaijua na haina utapeli, hiyo voisi ya sekunde ishirini inafanya kazi kuliko bango lolote. Kumbusha mara moja baada ya siku tatu, mara ya pili baada ya wiki, basi. Kama una hela ya kuwarudishia vocha fanya hivyo, ila namba za simu zikusanye kwenye fomu ya pili iliyojitenga ili zisichanganyike na majibu, na ukiona namba moja imeingia mara tatu ujue cha kufanya.

Majibu ya siku ya kwanza yaangalie usiku uleule. Kama swali fulani wengi wameliruka, au wote wamechagua jibu la juu kabisa, simamisha, rekebisha, endelea, na uandike tarehe uliyorekebisha ili usichanganye ya kabla na ya baada. Mkishafunga, matokeo yarudisheni kwenye grupu lilelile kwa picha moja na voisi moja, waliojaza wangapi, hasara ilikuwa kiasi gani, kikundi kimeamua kuomba vichanja au maturubai.